Punda wa Baharini

Swali lake lilikuwa moja tu: "Wananukaje?"

Mtu yeyote akijitia kuwajua pengwini, awe kijana aliyewaona kwenye televisheni ya kibanda cha chipsi, awe mgeni wa Dar es Salaam anayengoja gari lake livuke mpaka kwenda Nakonde, Zambia, Dereva alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata kidogo, halafu akamuuliza hivyo. Wananukaje? Mtu anababaika. Mmoja atasema wananuka samaki, mwingine atasema hawanuki kitu kwa sababu wanaishi kwenye barafu. Dereva anatikisa kichwa. "Wewe hujafika," anasema, na mjadala umefungwa. Jibu lenyewe hakumwambia mtu. Mkewe hakulijua. Mimi niliyeishi naye ukuta kwa ukuta hapa Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, miaka yote ile sikulijua, na si kwamba sikumbembeleza.

Alikozaliwa mtanisamehe, sikumuuliza na yeye hakupenda habari hizo. Kwake maisha yalianza siku alipokabidhiwa funguo za lori. Hata macho yalipomwisha na leseni ikawa karatasi tu ndani ya Biblia, mtaa mzima uliendelea kumwita Dereva, na mkewe pia. Siku hizi wamehamia Mkwajuni kwa binti yao, na baraza lao hapa jirani limebaki wazi. Siwezi kulizoea. Kila nikifungua mlango natazama pale palipokuwa na kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha lori. Alikitoa kwenye gari lililokufa, akakifunga kwa bolti kwenye saruji ya baraza, kikiangalia barabara kuu. Akikaa hapo miguu haitulii. Lori likipanda kutoka upande wa Vwawa, yeye mguu wa kushoto unakandamiza chini, mkono unatafuta gia. "Badilisha sasa! Badilisha, wewe, utaua injini!" Anamgombeza mtu asiyemwona wala asiyemsikia. Foleni ya malori ikisimama, kama inavyosimama kila siku ya Mungu, yeye ndiye anayeteseka kuliko wenye malori. Anainuka, anakaa, anainuka tena, anazunguka nyumba huku mkono ukipapasa ukuta. Mimi kazi yangu ni wakala wa forodha, nashinda na madereva wenye hasira za foleni, halafu narudi nyumbani nakutana na mwingine ambaye hata gari hana!

Sasa hawa ndege. Alikwenda kusini kubeba matufaa, haya haya mekundu yanayouzwa stendi. Mzigo ukachelewa. Mlinzi wa ghala, Mmalawi mmoja, akamhurumia, Jumapili akampeleka ufukweni akapunge upepo. Wakakuta watu wanakimbizana na makreti ya plastiki: meli ilikuwa imevujisha mafuta baharini, na ndani ya kila kreti alisimama ndege mweusi tititi. Pale ndipo Dereva alipowaona mara ya kwanza, wamesimama wima kama wazee wa kanisa wanaongoja kupokea sadaka, wamelowa oili mpaka kwenye kope.

Mama mmoja mwenye glavu akauliza nani anaweza kusaidia. Dereva akakunja mikono ya shati. "Oili ndiyo kazi yangu," akamwambia. Wakampa beseni, sabuni ya vyombo na mswaki wa kupitishia pembeni mwa macho. Ndege wake wa kwanza alimng'ata kidole gumba mpaka mfupani. Kovu lilikuwepo, nimelishika mwenyewe, ingawa mafundi wa gereji walidai ni la jeki.

"Nimeosha injini nyingi sana, Wakala," aliniambia siku moja. Mimi hakuniita kwa jina, aliniita Wakala. "Lakini injini haikutazami."

Alirudi kule kila alipopata mzigo wa upande huo, na kila mara aliwakuta wamepungua. Ndege hao, alieleza, ni Waafrika kama sisi. Hawana barafu yoyote. Wanakaa juani, wanahema kwa joto, wanafukua mashimo ya kutagia. Na hawalii kama ndege. Wanalia kama punda, punda kabisa, ile ya kuvuta pumzi ndani na kuitapika nje. Hata wenyeji wa kule wanawaita punda. Ndiyo maana yeye hakusema pengwini ila akisahau. Alisema "punda wa baharini," na akiwa na huzuni alisema "punda wangu" basi.

Neno hilo lilimletea balaa kanisani. Radio ilikuwa imetangaza kwamba ndege wale wamefikia ukingoni, kwamba wataalamu wamewaweka kwenye kundi la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Dereva hakulala. Jumapili akapeleka ombi kwa mzee wa zamu, kwa mdomo, kwamba kanisa liwaombee punda wake walio katika hali mbaya. Mchungaji alipolitangaza, waumini wakainamisha vichwa, wakaombea punda wapate nafuu, wapate malisho, wapone miguu. Baada ya ibada watu wakaja kumpa pole. Bibi mmoja akamletea dawa ya minyoo ya mifugo! Dereva aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Yeye hakucheka. "Mungu anajua walikuwa wanasema punda gani," akasema.

Msidhani alikuwa mpole kwa viumbe vyote. Kuku wa mkewe aliwapiga mateke. Paka aliwafukuza. Na punda halisi, yule wa jirani yetu Msukuma aliyehamia kutoka bonde la Momba na mkokoteni wake wa kubebea mahindi, alikuwa adui yake. Punda yule alikuwa na kikwazo kooni. Akianza kulia vizuri, katikati anakwama kama mtu aliyepaliwa, halafu anamalizia. Kila akilia, Dereva aliacha alichokuwa anafanya. Kijiko kinasimama hewani. Anasikiliza mpaka pale pa kupaliwa, uso unaanguka, anaendelea kula kwa hasira. "Mnyama huyu ananitania," alisema.

Na ugomvi wa samaki wa kopo! Mkewe alikuwa na duka pale mbele ya nyumba, na kinachouzika Tunduma kila mtu anakijua: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, na makopo ya samaki yanayovushwa kutoka Zambia, wale wa mchuzi mwekundu. Wateja wa Nakonde wakija, "Mulishani, mama," wanasalimia kwa Kibemba, halafu wanachukua makopo kwanza ndipo waulize vingine. Dereva alijifunza kwenye lile beseni la oili kwamba samaki wale, wanaovuliwa bahari ile ya kusini, ndio chakula cha ndege wake. Meli zinazoa kila kitu, ndege wanaogelea mbali mpaka wanachoka, makinda yanakufa kwa njaa kwenye mashimo. Basi akawa anaingia dukani, anageuza makopo yote yaangalie ukutani, picha ya samaki isionekane. Mkewe anayageuza tena yaangalie wateja. Ilikuwa kazi ya kila siku, na alipopofuka aliifanya kwa kupapasa.

"Hii ni mboga ya wenyewe," anasema.

"Wenyewe gani? Ndege wameagiza?"

"Wangeagiza kama wangekuwa na duka."

"Wewe dagaa wa Tanganyika unakula sahani mbili. Kule hakuna ndege?"

Hapo Dereva anatoka dukani, kwa sababu kweli dagaa alikuwa anawapenda kufa. Mkewe alikuwa mkali lakini hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka. Nani asingechoka kuolewa na mtu ambaye moyo wake uko ufukweni, nchi tatu mbele? Mkewe hakuamini kwamba ndege hao wapo. Aliamini mumewe aliona kitu, akaongeza chumvi, na sasa amekwishaamini chumvi yake mwenyewe. Dereva alilijua hilo na lilimuuma kuliko kitu chochote.

Ukweni Isansa ndiko walikomwelewa, na wakamwelewa vibaya. Alikwenda huko kwenye sherehe ya kipaimara, wakulima wa kahawa wamekaa, akawaeleza kwamba hapo zamani ndege wale walikuwa na tabaka nene la kinyesi chao kwenye visiwa, na humo ndimo walimochimba mashimo, kivuli kizuri, yai haliungui. Wakaja watu, wakakwangua kinyesi chote wakakiuza kwa wakulima. Sasa ndege hutaga juu ya mwamba mtupu, jua likizidi wanakimbilia majini, mayai yanaiva. Watu wa kule, alisema, wanawajengea vijumba, wanawawekea ndani ya mchanga kama mizinga ya nyuki iliyolazwa. Wazee wakasikiliza kwa makini sana. Kisha shemeji yake akauliza, "Hiyo mbolea bado ipo? Kahawa inaifaa?" Dereva aliacha nyama yake mezani, akatoka nje. Alirudi Mpemba kwa bodaboda, jioni ile ile, na mkewe akaja kesho yake akiwa amenuna.

Kwenye gereji alipigana kweli. Mafundi wetu wakishamaliza kubadilisha oili, ile chafu wanaimwaga mtaroni. Dereva alinunua pipa, akaliweka mbele ya gereji, akawaambia oili chafu ni humu. Wakamcheka.

"Mtaro huu unakwenda wapi?" akawauliza.

"Mtoni. Momba."

"Momba unakwenda wapi?"

"Rukwa."

"Haya, na Rukwa?"

"Rukwa haliendi popote, mzee! Ziwa halina mlango. Ndege wako wa baharini hawapati hata tone!"

Walipiga makofi, wamemkamata. Dereva akasimama palepale, mguu wa kulia ukipiga chini chini kama unakanyaga breki. "Kama halina mlango," akasema, "basi mnachomwaga kinabaki." Hakuna aliyeacha kumwaga siku hiyo. Lakini pipa lilibaki, na siku hizi nikipita nakuta lina oili, sijui ni nani kati yao aliyeanza. Hawataki kusema.

Macho yaliondoka polepole, ni presha ya macho, na alipoenda hospitali walimwambia amechelewa. Nilimsindikiza. Kwenye basi la kurudi, tulipofika Mlowo, akasema, "Sitawaona tena." Nikadhani anasema watoto wake. "Tunashindana mimi na wao, nani ataisha kwanza. Wakala, nikishindwa kuwaona, basi niwasikie. Mara moja. Nijue wapo."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo, nikatoa simu, nikamtafutia video. Sauti ikatoka, punda kabisa, abiria wakageuka. Akasikiliza, akasukuma mkono wangu.

"Hao ni wa lini?"

"Sijui, Dereva. Wa kwenye mtandao."

"Huenda wameshakufa hao. Mtu akifa, sauti yake kwenye simu bado inaongea. Mimi nataka wa leo. Nataka mtu ninayemjua asimame pale, wao wako mbele yake, anipigie."

Toka siku hiyo hakutulia. Alikuwa na utingo wake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye watoto, anaendesha lori lake mwenyewe. Sisi tulimwita Utingo vilevile na hakuona vibaya. Dereva ndiye aliyemfundisha kila kitu, hata namna ya kulala nusu jicho kwenye foleni. Utingo akapata safari ya kusini, akaja kuaga barazani. Dereva alimshika mkono, hakuuachia. Akamwelekeza njia kona kwa kona mpaka kwenye mchanga. "Ukifika usizungumze. Nyamaza, uwaache wao waseme."

Wiki zikapita, Dereva akawa anazunguka nyumba kama saa. Hatimaye Utingo akarudi. Hakupiga kutoka kule, mtandao ulimsumbua, alisema, lakini amerekodi. Tukakusanyika barazani: mimi, Dereva, mkewe aliyeegemea mlango wa duka akiwa na kitambaa mkononi. Utingo akabonyeza simu.

Punda akalia. Alilia vizuri, kwa nguvu. Katikati akakwama, kama aliyepaliwa, halafu akamalizia.

Sauti ile niliijua. Nikamtazama Utingo, Utingo akatazama chini. Mkewe naye alielewa, nikaona ameweka kitambaa mdomoni. Dereva hakupandisha sauti wala hakutukana.

"Asante, mwanangu," akasema. "Kumbe wameisha."

"Dereva..."

"Umekwenda umekuta mchanga mtupu. Ukaona huruma kuniambia. Ukanitafutia huyu wa hapa nyuma. Nimekuelewa. Asante."

Akainuka kwenye kile kiti, akaingia ndani, akafunga mlango. Chakula cha jioni kilirudi kama kilivyoenda. Kesho yake malori yakapanda, yakabadilisha gia vibaya, na hakuna mtu aliyewagombeza madereva. Sijawahi kuona baraza limekufa namna ile. Mkewe alikuja kwangu analia, yeye mwanamke mkavu kiasi kile. "Wakala, mtafute huyo mjinga. Dereva atanifia."

Nilimpata Utingo kwenye maegesho ya mpakani, amejilaza chini ya lori lake kama anatengeneza kitu. Nikampiga teke la kiatu. "Toka! Ulifika au hukufika?"

Hakufika. Mzigo wake uligeuziwa njia, akapakua Kitwe, hata Lusaka hakuiona. Aliona aibu kumwambia mwalimu wake. Akasema moyoni, mzee haoni, punda ni punda. Nilitamani kumnasa kibao. Badala yake nikamburuta mpaka Mpemba, nikamsukuma ndani ya chumba alimolala Dereva ameelekea ukutani.

"Sema!"

"Nisamehe, Dereva. Sikufika."

Dereva akageuka. "Hukufika wapi?"

"Baharini. Niliishia Kitwe."

"Baharini hukufika kabisa? Mchanga hukuuona?"

"Sikuuona, Dereva. Naapa. Nilikudanganya."

Dereva akaketi. Nikajua sasa anamlaani. Akapasuka kicheko! Akapiga paja, akapiga kitanda, akamvuta Utingo akamkumbatia shingo. "Mke wangu! Njoo usikie! Huyu mpumbavu hakufika! Hakufika, hakuona chochote, ni mwongo mtupu!" Machozi yanamtoka, anacheka. "Mungu akubariki kwa uongo wako. Basi huenda wapo!"

Akaomba uji. Akamaliza, akaomba mwingine.

Safari iliyofuata ya Utingo ndiyo ya mwisho ninayotaka kuisimulia, maana baada yake binti yao alikuja na gari kuwahamisha. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, mafundi wamefungua bolti za kile kiti tayari kwa safari na Dereva amekikalia hivyo hivyo kikitikisika. Simu yangu ikaita. Ni Utingo. Nikaweka sauti ya wote.

Upepo tu, mwingi, unavuma. Halafu Utingo, anapiga kelele kuushinda upepo: "Dereva! Mbona hukuniambia? Huku kunanuka! Kunanuka kama banda la kuku walilomwaga dagaa wabichi, na mvua ikanyesha juu yake!"

Dereva alishika mikono yote miwili ya kiti. Uso wake sina namna ya kuueleza.

"Amefika," akasema.

"Nyamaza sasa," nikamwambia Utingo, na Utingo akanyamaza. Upepo ukaendelea. Kisha ikaja, mbali kidogo, ile sauti ya kuvuta pumzi ndani na kuitapika nje, moja, halafu nyingine ikaijibu. Haikukwama popote. Mkewe alitoka dukani akasimama nyuma ya kiti, akamwekea mumewe mkono begani. Huko nyuma ya nyumba punda wa Msukuma akainua kichwa, akajibu kwa nguvu zake zote, akapaliwa katikati kama kawaida yake.

"Hata yeye amedanganyika," Dereva akasema.

Akauliza kama ni wengi. Utingo akajibu, "Siwezi kukudanganya tena, Dereva. Si wengi. Wachache. Lakini kuna watu hapa wanawajengea nyumba, kama ulivyosema." Dereva akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, mguu wake wa kulia ukatulia chini ya kiti kwa mara ya kwanza toka nimjue.

"Bando linaisha," Utingo akasema. "Nakata, Dereva, nitapiga kesho."

"Usikate," Dereva akasema haraka. "Wewe usikate. Liache likate lenyewe."

Basi hakukata. Tukabaki pale barazani, malori yakipita, tukiwasikiliza.